Umri wa Masanja

Siku tuliyomzika Kabula, kijana mmoja wa ukoo wao, msomi, mwenye simu mbili na haraka nyingi, alinifuata mkekani nilipokuwa nimekaa na wafiwa wenzangu akaniuliza marehemu alizaliwa mwaka gani. Alitaka uandikwe kwenye msalaba kabla fundi wa rangi hajaondoka. Ni swali la kawaida, kila msiba linaulizwa. Nikamwambia anipe nafasi nifikiri. Akanifunika khanga mabegani kwa huruma, akaenda kuuliza wengine, na wote wakamrudisha kwangu, maana mimi na Kabula tulikaa nyumba moja zaidi ya miaka arobaini, na watu wa rika letu wamekwisha. Basi nikabaki pale nikikumbuka mwaka mwingine, wa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mimi nikiwa na miaka kumi na sita. Si kwamba nilikuwa nimeusahau. Wajukuu hunicheka kwamba bibi yao alisoma misheni lakini hashiki kalamu, hata benki anaweka dole gumba. Wacha wacheke. Hawajui mara ya mwisho niliandika nini.

Mwaka ule baba alikuwa na lori. Kwetu, upande wa Kharumwa, lori la Mswahili lilikuwa jambo la kusimulia. Watu walitoka mbali kuja kulishika tu. Msimu wa pamba lilibeba magunia kwenda kuchambuliwa, na pamba ikiisha lilibeba mtama, mihogo na wanawake wa kuuza vyakula kwenda kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita. Lakini baba alikuwa anaingiwa na mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilishakuwa jeupe, na la kulia lilikuwa njiani. Dereva aliyemwajiri aliuza mafuta ya gari njiani, akaliacha lori porini na funguo akaondoka nazo. Kwa hiyo usukani ukamwangukia kaka yangu Masanja, ambaye alikuwa utingo wa malori ya pamba tangu sauti yake haijapasuka, na aliyajua magari kuliko alivyowajua ng'ombe. Alikuwa na miaka kumi na saba. Kwa kimo ungempa ishirini na tano, na askari wa leseni alimtazama kimo hicho hicho, akampa karatasi yake.

Hilo la kimo lilikuwa shida ya nyumba yetu tangu zamani. Siku hizo karani wa kodi alipokuja kuhesabu watu hakuuliza cheti, nani angekuwa nacho? Aliwapanga vijana barazani kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, akawaamuru wainue mikono, akachungulia makwapa. Mwenye nywele, mtu mzima, alipe kodi. Masanja aliota nywele akiwa mtoto kabisa. Mama akawa kila mwaka, asubuhi ya kuhesabiwa, anamkalisha kwenye kigoda nyuma ya nyumba na wembe na maji ya uvuguvugu, anamnyoa kwapa huku tukila matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na karanga, na Masanja akicheka kwa kutekenywa mpaka anapigwa kofi la mgongo. Baba alisema hayo ni mambo ya aibu. Mama akamjibu kwamba si uongo, ni kumsaidia karani aone ukweli, kwani mtoto ni wa mwaka wa nzige na kila mtu anajua. Na kweli kila mtu alijua. Masanja na Kabula, binti wa nyumba ya pili, walizaliwa msimu mmoja, nzige walipokula mpaka nyasi za mapaa, na mama zao walisaidiana kunyonyesha maana maziwa yalikuwa machache. Basi daftari la kodi likamwandika Masanja mtoto, mwaka baada ya mwaka, na nyumbani tulilichukulia kama jambo la kuchekesha tu.

Kisha serikali ikasema lori bila bima halipiti barabarani. Tukaenda Shinyanga mjini, baba, Masanja na mimi, mimi nikiwa macho ya baba na msomaji wake. Wakala wa bima aliitwa Mzee Idi, mtu wa asili ya Tabora, mwenye kanzu safi na kikohozi. Ofisi yake ilikuwa sebule ya nyumba yake: mkeka wa rangi, meza moja ya miguu mirefu, saa ya ukutani iliyosimama, na pazia ambalo mkewe alipitishia mkono tu kutoa birika la chai ya tangawizi na sahani ya mkate wa kumimina. Sikuwa nimewahi kuula. Niliona aibu kuchukua kipande cha pili, Mzee Idi akanisogezea sahani akisema, kula mjukuu wangu, bima ni maneno mengi. Mpaka leo nikinusa iliki namwona yule mzee na ile meza.

Akaeleza kwamba bima ni za namna tatu. Ya kwanza, ndogo, ya lazima, ni ya mtu wa barabarani utakayemgonga. Ya pili inaongeza na watu uliowapakia. Ya tatu ni kubwa, inabeba mpaka lori lenyewe likianguka au likiungua. Baba alisikiliza ameinamisha kichwa, kama wafanyavyo wasioona vizuri. Alitaka kwanza aelewe kitu chenyewe. Akauliza: kwetu mtu akimuumiza mtu, ukoo wake unachanga ng'ombe wanakwenda kwa wenye majeraha, sasa hawa wa bima wanachanga kwa ajili ya nani, na hawamjui? Mzee Idi akakohoa, akasema ndiyo hivyo hivyo Baba Masanja, ni ukoo wa watu wasiojuana. Baba akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Kumbe ni ukoo wa kununua, akasema. Nilimwona amelipenda lile wazo, na mimi nikalipenda kwa sababu yeye amelipenda.

"Wale wanaokaa juu ya magunia," akauliza, "wako bima ya ngapi?"

"Ya pili."

"Na lori ni ya tatu."

"Ya tatu."

"Lori ni chuma. Nipe ya watu."

Nataka hilo lijulikane, kwa sababu baadaye watu walisema mengi. Baba yangu hakuwa bahili. Wenye malori wote wa upande ule walichukua ile ndogo ya lazima wakaondoka. Yeye aliuza dume lake la pekee achukue ya watu. Alichagua vizuri. Ukiniuliza leo ningechagua ipi, ningechagua ile ile.

Ndipo likaja suala la dereva. Mzee Idi alisoma ile fomu kimoyomoyo, akaiweka chini, akasema taratibu kwamba dereva akiwa hajatimiza miaka ishirini na moja, kampuni haimtaki. Si kwamba itaongeza bei, haimtaki. Tutafute dereva mwingine. Nje, dirishani, Masanja alikuwa anafuta vumbi kwenye taa za lori kwa shati lake mwenyewe, anapiga mluzi. Baba aligeuza uso upande wa mluzi. Dereva mwingine alikuwa yule mwizi wa mafuta, au mwenzake. Kuliweka lori chini maana yake ni kulipoteza. Mzee Idi akasimama, akasema yeye hajasikia umri wa mtu yeyote humu ndani, na kwamba yeye huwa haandiki fomu za watu. Alishaponzwa siku za nyuma. "Kila nyumba iandike yake," akasema, akanisukumia kalamu, akaenda kusimama mlangoni akitupa mgongo.

Baba aliniambia kwa Kisukuma niandike ishirini na miwili. Nikasema baba, Masanja ni wa mwaka wa nzige. Akasema, andika. Hakuwa mkali. Angekuwa mkali labda ningebisha, maana mimi nilikuwa na kichwa kigumu, muulize yeyote aliyenijua. Aliisema kwa sauti ya mtu anayeomba maji. Nikaandika 22, na chini yake jina langu kama mwandishi wa fomu, Nyamizi, kwa herufi za kulala tulizofundishwa misheni. Baba akaweka dole gumba. Mzee Idi alipoipokea karatasi alisema nina mwandiko mzuri. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimekaa mbele, katikati yao, nimefurahi.

Miezi ile iliyofuata ilikuwa mizuri, wala sitadanganya kwamba nilihisi lolote. Masanja aliendesha polepole mpaka watu wakamtania kwamba kobe atampita. Jioni aliporudi alikula uani, ugali wa mtama na nsansa, mboga ya majani makavu ya kunde, kwa maziwa ya mgando, huku anamsimulia baba kila shimo la barabara, na baba, ambaye sasa alikuwa haoni hata sahani, alimwambia shimo lile ulipite kulia, pale kwenye mti uliokatika kuna mchanga. Walikuwa wanaendesha pamoja, mmoja na macho na mmoja na kumbukumbu. Kabula alikuwa anapanda lori mara mbili kwa wiki kupeleka karanga na michembe ya viazi vikavu machimboni. Alikuwa ameposwa na ng'ombe wa mahari walishafika kwao. Alikuwa anatafuta hela ya sufuria na vitenge vya kuingia navyo kwa mume. Alikaa juu ya magunia, hakukubali kukaa mbele hata kwa dawa. Alisema mbele panamtia kichefuchefu na huoni nchi.

Daraja la magogo la njia ya machimboni lilivunjika asubuhi moja baada ya mvua ya siku tatu. Masanja alikuwa ameshuka kulikagua kwa miguu, waliokuwepo wote walisema hivyo. Alilipita mwenyewe kwanza, akarukaruka juu yake, akawaambia watu washuke wavuke kwa miguu. Wengine wote walishuka. Kabula alibaki juu, na alisema mwenyewe baadaye kwamba alikuwa anaogopa karanga zake zisilowe, ameshika turubai. Gurudumu la nyuma lilizama, lori likalala ubavu taratibu, hata halikufanya kishindo kikubwa, na mguu wa Kabula ukawa chini. Ilichukua wanaume saa nzima kulinyanyua. Masanja alikuwa amepiga magoti kwenye matope anamshika mkono, anamwambia yasiyoeleweka. Hospitali ya misheni walifanya walichoweza. Mguu ulikatwa juu ya goti.

Wiki zile nyumba yetu haikuwa nyumba. Mama alipika akasahau chumvi, tukala bila kusema. Baba alikwenda kwa wazazi wa Kabula, mimi nikimshika fimbo, akakaa chini kwenye vumbi mbele ya mlango wao, na neno lake lilikuwa moja: ipo bima, ya watu, nilikata ya watu. Kule hospitali walikuwa wamesema kuna mafundi mbali huko wanaotengeneza mguu wa mti na ngozi ambao mtu anatembea nao, anachota maji, analima hata. Ila ni gharama ambayo hata ng'ombe wa kijiji kizima wasingeifikia. Ukoo wa kununua ungeifikia. Upande wa mchumba ulikuwa unasubiri uone. Ukija mguu harusi ipo, usipokuja ng'ombe warudi. Walisema waziwazi, na mimi niliwachukia kwa hilo, ingawa hawakuwa watu wabaya kuliko wengine. Kabula alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba ndani kwao, ameelekea ukutani. Nilipoingia aliniuliza kitu kimoja tu, hao wa bima watakuja lini.

Wakaja, kwa maana akaja mmoja. Mzungu mwembamba kutoka Mwanza, mpole, mwenye Kiswahili cha kutosha, na upole wake ndio ulionimaliza. Alitupokea kwa mwanangwa, kwenye chumba cha baraza chenye meza moja, sisi tumesimama. Akaweka karatasi mbili mezani: fomu yetu, na ukurasa ulionakiliwa kutoka daftari la kodi. Niliuona mwandiko wangu kutoka mlangoni.

"Hapa kijana ni mtu mzima," akasema. "Hapa ni mtoto. Sikuja kumfunga mtu. Kama fomu ni kweli, kampuni itamlipa binti. Kama daftari ni kweli, fomu haina kazi, tunaifuta, na mimi naondoka."

Mwanangwa akajisafisha koo. Akasema kwa upande wake, kama fomu ni kweli, basi Baba Masanja amemficha mtu wa kodi kwa miaka minne, na hilo ni jela na kazi ngumu, yeye hana namna. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amekunywa pombe na baba sherehe zote.

Baba hakufikiri hata kidogo. "Daftari ndilo la uongo," akasema. "Nilimficha mwanangu. Nifungeni mimi, mlipeni yule mtoto."

Masanja alifungua mdomo, baba akampiga fimbo ya mguu, kwa kukisia, ikampata. Yule Mzungu alimtazama baba, akayatazama macho yake meupe, nadhani alielewa kila kitu. Angeweza kuishia hapo. Lakini alikuwa mtu wa kazi yake. Akanigeukia mimi, akaniuliza kama mwandiko ule ni wangu. Nikasema ni wangu. Akaniuliza, ulipoandika, ulijua umri wa kaka yako?

Nilimwona baba anavunja mawe. Ndicho nilichoona, wala si mfano: wafungwa walipita kwetu wakitengeneza barabara, nilishawaona, na nilimwona baba katikati yao anapapasa jiwe asijue liko wapi, na askari nyuma yake. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemfunga kamba za viatu. Nilimwona na Kabula pia. Nilimwona ameelekea ukutani. Nilisimama pale mpaka nikasikia kuku nje wanaparuza, na hakuna aliyenisaidia, kila mtu alikuwa ananingoja mimi. Mimi, mtoto wa kike wa miaka kumi na sita, ambaye nyumbani sikuulizwa hata mboga ya jioni.

"Alizaliwa mwaka wa nzige," nikasema. "Nilijua."

Akafunga faili lake. Akashusha pumzi, akamwambia mwanangwa asante, na gari lake likaondoka kabla sijatoka mlangoni. Mwanangwa alimshika baba bega, akasema shauri limekwisha, nenda nyumbani mzee. Miaka yote hii nimejiuliza nilisema kwa ajili ya baba, au kwa kumwogopa Mzungu na kalamu yake, au kwa kuwa masista walituzoesha kwamba ukiulizwa unasema. Sijui. Ningekuwa na jibu ningeshalisema, si mtu wa kuficha maneno.

Kurudi nyumbani baba alikataa nimshike fimbo. Alitembea peke yake mbele yetu, akajikwaa kwenye mizizi, akaingia kwenye shamba la mtu, akatoka. Masanja na mimi tulimfuata nyuma hatua kumi, hatukuthubutu kumkaribia. Hakunikaripia siku ile wala siku nyingine mpaka anakufa. Alipeleka ng'ombe kwa kina Kabula, wale aliobaki nao, na lori likauzwa vyuma. Ng'ombe wa mahari walirudi kwa wenyewe kabla ya kupanda mtama. Kila mwaka baba alichonga gongo jipya la Kabula la kutembelea, kwa kupapasa tu, akalilainisha kwa kipande cha chupa, akanipa mimi nipeleke. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake. Masanja alikwenda kuchimba dhahabu kwa mikono, Mwakitolyo na kwingine, hakushika usukani tena. Alipokuwa na miaka sitini na kitu mpwa wetu alimwomba amsogezee trekta tu, toka hapa mpaka pale kwenye kivuli. Akasema, umri wangu bado haujatimia. Watu walicheka sana. Mimi nikaondoka pale.

Wazazi wa Kabula walipokwisha nilimchukua nikakaa naye. Mume wangu, marehemu, hakuniuliza sababu, na kwa hilo nilimheshimu. Tulipika pamoja, tukagombana pamoja. Alikuwa na mdomo, Kabula, na aliponikasirikia alinirushia lile gongo. Nilingoja miaka mingi anitupie na lile neno jingine. Mwishowe nilishindwa mimi, siku moja tunachambua mchele, nikamwambia yote, nani alisema nini kwenye chumba kile. Akaendelea kupeta. Akasema alikuwa anajua tangu wiki ile ile, mama yake alimwambia. "Hata wangeniuliza mimi," akasema, "ningesema tu. Mimi na Masanja tumenyonya ziwa moja. Ningesemaje ana miaka ishirini na miwili, na mimi je?" Kisha akaniambia mchele wangu una mawe. Alidhani amenifariji. Lakini yeye hakuulizwa. Niliulizwa mimi.

Yule kijana alirudi mkekani, fundi amesimama nyuma yake na kopo la rangi. Nikamwambia aandike mwaka wa nzige. Akasema kwa adabu, bibi, huo si mwaka, akanionyesha kwenye simu kwamba anaweza kukisia, akanitajia namba, akaniuliza aweke hiyo? Nikamwambia mimi siweki namba kwenye umri wa mtu. Watu walishaanza kutazama jua. Akachoka na mimi, na simlaumu, akachukua brashi kwa fundi akanipa mkononi, nusu kwa utani.

"Haya bibi, basi andika mwenyewe."

Wakaniinua, mmoja huku na mmoja huku, wakaniletea ule msalaba wakaulaza mapajani mwangu. Niliandika KABULA, na chini yake, MWAKA WA NZIGE. Ilichukua muda na rangi ilichuruzika. Mwandiko ulikuwa mbaya, lakini unasomeka.